Maisha mafupi ya Gerald Portal na kunguru waliobaki Pwani

KABLA sauti ya mwadhini wa mwisho haijatulia katika Mji wa Kale wa Mombasa, kunguru huwa wamekwisha kuamka. Huondoka kwa makundi katika mikungu na miembe walimolala, wakapita juu ya mapaa ya Kibokoni na Ndia Kuu, kisha wakatawanyika kila mmoja kwenda kutafuta riziki yake. Wapo wanaotua majaani na wapo wanaotua penye wauza samaki, ambako huwakuta paka wamekwisha kuketi wakingoja matumbo ya samaki.

Wenyeji wameyazoea makelele hayo kiasi cha kutoyasikia. Hata hivyo, mnamo Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza kwamba kunguru milioni moja wangeangamizwa katika eneo la Pwani kabla ya mwaka huo kumalizika. Silaha iliyochaguliwa ilikuwa sumu.

Tangazo hilo lilizua mjadala mkali baina ya wenye hoteli, wafugaji wa kuku, wapenzi wa ndege na watu ambao hawajawahi kumfikiria kunguru ila kwa kumrushia jiwe. Katika mjadala huo wote, jina la mtu mmoja halikutajwa sana. Ni jina la Mwingereza aliyefariki jijini London mnamo Januari 1894 akiwa na umri wa miaka 35, ambaye hakuwahi kumwona kunguru hata mmoja wa aina hiyo akiruka juu ya kisiwa cha Mombasa.

Gerald Herbert Portal alizaliwa Machi 13, 1858, huko Laverstoke, katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Ufaransa. Mababu zake walikuwa Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini, wakapata hifadhi Uingereza na kuanzisha kiwanda cha karatasi. Tangu mwaka 1724 kiwanda hicho ndicho kilichotengeneza karatasi za noti za Benki Kuu ya Uingereza, na kwa njia hiyo ukoo wa wakimbizi ukageuka kuwa ukoo wa mabwanyenye. Baba yake, Melville Portal, aliwahi kuwa mbunge. Mama yake alikuwa binti wa Lodi wa Minto.

Kijana wa nyumba ya namna hiyo hakuwa na haja ya kuulizwa angefanya kazi gani. Alisomeshwa Eton, shule ya wakubwa, na mwaka 1879 akaingia katika utumishi wa kibalozi. Alianzia Roma, kisha mwaka 1882 akahamishiwa Misri, akawasili wakati manowari za Uingereza zilipokuwa karibu kuupiga mizinga mji wa Alexandria. Huko Cairo alifanya kazi chini ya Evelyn Baring, ambaye baadaye alijulikana kama Lodi Cromer na ambaye kwa hakika ndiye aliyekuwa akiitawala Misri, ijapokuwa hakuwa na cheo cha mtawala.

Baring alimwamini mno. Mwishoni mwa mwaka 1887 alimtuma Uhabeshi kwa Mfalme Yohannes wa Nne, ili ajaribu kuwapatanisha Wahabeshi na Waitaliano waliokuwa wamepambana huko Dogali mnamo Januari mwaka huo, vita ambavyo Waitaliano walipoteza mamia ya askari. Portal alipanda milima, akashuka mabonde, akazuiliwa njiani, na hatimaye akafika mbele ya mfalme. Suluhu haikupatikana. Alirudi na uhai wake pamoja na kisa kirefu, alichokichapisha katika kitabu mwaka 1892.

Kufikia wakati huo alikuwa tayari amepewa kazi iliyoliunganisha jina lake na Waswahili. Mwaka 1889 alikaimu ubalozi wa Uingereza huko Zanzibar, na mwaka 1891 akarudi akiwa Balozi Mkuu kamili. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Alice Bertie, binti wa Lodi wa Abingdon, na Zanzibar ilikuwa imetangazwa kuwa nchi iliyo chini ya himaya ya Waingereza.

Aliyekuwa akikalia kiti cha enzi ni Seyyid Ali bin Said, mdogo wa Seyyid Barghash. Portal hakumwacha atawale kwa namna walivyotawala kaka zake. Mwaka 1891 aliichukua hazina ya Sultani, akaitenganisha mali ya serikali na mali ya kasri, akampangia Sultani posho ya kila mwaka, na kumweka Mwingereza Lloyd Mathews kuwa Waziri wa Kwanza. Februari 1892 bandari ya Zanzibar ikatangazwa kuwa bandari huru. Mambo yote hayo yalitendeka katika muda wa miezi michache, na mtu aliyeyatenda alikuwa na umri wa miaka 33. Wanahistoria wa Kiingereza wameyasifu kuwa ni mageuzi. Waarabu na Waswahili wa Unguja walioshuhudia mfalme wao akilipwa mshahara bila shaka walikuwa na jina jingine.

Lakini serikali mpya yenye mahesabu safi ilikuwa imeketi juu ya mji mchafu.

Uchafu wa Mji Mkongwe ulikuwa umevuma duniani kwa muda mrefu. Dkt David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, aliutungia mji jina la kejeli kwa sababu ya uvundo wake. Wasafiri wengine waliandika kuhusu ufuo uliotumiwa kama jaa na kama choo, na kuhusu mizoga iliyoachwa ichukuliwe na maji ya bamvua au iliwe na mbwa koko waliozurura pwani. Mnamo 1869 na 1870 kipindupindu kilifyeka maelfu ya watu visiwani, na daktari Mskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini humo, akaandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo na njia zake za kusafiri.

Mji wa namna hiyo ulihitaji mitaro, mikokoteni ya taka, watu wa kufagia na fedha za kuwalipa. Hayo yote ni ghali. Ng'ambo ya bahari, hata hivyo, palikuwa na mfagiaji asiyedai ujira. Katika miji ya Bara Hindi, hususan Bombay, kunguru mdogo mwenye shingo ya rangi ya kijivu alikuwa akiishi na wanadamu tangu dahari, akila makombo, mizoga, panya waliokufa na kila kilichotupwa na jikoni. Waingereza waliofanya kazi India walimfahamu vyema, na baadhi yao walimhesabu kuwa ni sehemu ya huduma za mji.

Maandishi ya wataalamu wa ndege wa Afrika Mashariki humtaja Portal kuwa ndiye aliyeiomba serikali ya India imletee kunguru hao Zanzibar ili wasaidie kula taka. Mwaka unaotajwa aghalabu ni 1891, ijapokuwa wako wanaousogeza mbele hadi miaka ya mwisho ya mwongo huo, wakati ambapo balozi huyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Kuhusu sababu hawatofautiani. Ndege hao waliletwa kwa makusudi, walitoka Bara Hindi, na waliletwa kwa ajili ya uchafu wa binadamu.

Hapana budi kumtendea Portal haki. Kosa hilo lilikuwa kosa la zama zake, na wenzake walikuwa wakilitenda kila pembe ya dunia. Mwaka 1872 wenye mashamba ya miwa nchini Jamaica waliagiza nguchiro kutoka India ili wale panya. Nguchiro wakala panya, kisha wakala ndege, mijusi na mayai. Mwaka 1883 nguchiro wakapelekwa Hawaii, kana kwamba habari za Jamaica hazijafika. Mnamo 1890, tajiri mmoja wa New York aliwafungulia katika bustani ya katikati ya jiji ndege 60 wa Ulaya wa jamii ya kwezi, nao wakazaana mpaka wakaenea Marekani nzima. Watu wa kizazi hicho waliamini kwamba kiumbe ni chombo, na kwamba chombo kikimaliza kazi kitakaa kilipowekwa.

Portal hakupewa nafasi ya kuyaona matokeo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Mombasa na iliyokuwa ikiitawala Buganda kwa jina tu, ilikuwa imefilisika na kutangaza kuwa inaondoka. Serikali ya London ikataka mtu wa kwenda kutazama na kushauri iwapo nchi hiyo iachwe au ichukuliwe. Ikamteua Balozi Mkuu wa Zanzibar.

Ndipo Mombasa ikaingia katika maisha yake kwa dhati. Mnamo Januari 1893 msafara wake ulivuka kutoka Unguja na kuanza safari ya bara kutokea kisiwa hicho. Mombasa ya wakati huo ilikuwa bado haijajua reli, na mji wenyewe ulikuwa ni huu unaoitwa sasa Mji wa Kale, uliojikunja kando ya Ngome ya Yesu na bandari ya majahazi. Ndege mla taka aliyekuwapo hapo alikuwa kunguru wa asili wa Afrika, yule mwenye kifua cheupe, mkubwa kidogo na mwenye haya zaidi. Laiti Portal angeinua macho ufuoni siku hiyo, angemwona huyo akiifanya kazi bila kuagizwa na mtu.

Pamoja naye walikuwamo Kanali Frank Rhodes, nduguye Cecil Rhodes, na ndugu yake mwenyewe, Kapteni Raymond Portal, bila kusahau mamia ya wapagazi na askari wa Kiswahili ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni. Walipita Kibwezi, Ukambani, Kikuyu na Naivasha, katika nchi ambayo miaka michache nyuma sotoka ilikuwa imeua ng'ombe na nyati kwa kiasi kisichowahi kuonekana. Sotoka nayo ilikuwa mgeni aliyeletwa na meli, aliyeingia barani pamoja na ng'ombe walioagizwa kutoka nje mwishoni mwa miaka ya 1880.

Waliingia Kampala Machi 17. Aprili 1 Portal aliishusha bendera ya Kampuni na kuipandisha ya Uingereza. Alizungumza na Kabaka Mwanga, akazungumza na maaskofu wa Kikatoliki na Kiprotestanti waliokuwa wakigombea nchi kama mafahali wawili, akawagawia maeneo na vyeo. Mwezi Mei ndugu yake Raymond aliugua homa na kufariki huko huko Kampala. Siku chache baadaye, Mei 29, Portal aliweka saini mkataba na Mwanga, kisha akaanza safari ya kurudi pwani. Vitabu vya siasa huupita msiba huo kwa mstari mmoja. Ni vigumu kuamini kwamba mwenyewe aliupita hivyo.

Aliwasili Uingereza mwishoni mwa mwaka 1893 akiwa amedhoofika. Januari 25, 1894 alifariki London kwa homa ya matumbo, maradhi yanayoletwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Ripoti yake ilishauri Uganda isiachwe, na mwaka huo huo nchi hiyo ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kitabu chake kuhusu safari ya Uganda kilichapishwa akiwa kaburini, kikiwa kimehaririwa na Rennell Rodd, aliyekuwa ameachiwa ofisi ya Zanzibar. Huko Toro, ngome iliyokuwa ikiitwa Fort Gerry ikapewa jina la Fort Portal, na mji uliokua kandokando yake ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020.

Huo ndio urithi wake unaoonekana katika ramani. Ule mwingine ulikuwa Unguja ukitaga mayai.

Kunguru wa Bara Hindi hakai penye msitu usio na watu. Humfuata binadamu kama kivuli, na wingi wake hupimwa kwa wingi wa taka. Zanzibar ilimpa chakula tele, na baridi ya kumwua haikuwapo. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waharibifu, na serikali ikatoa zawadi kwa atakayemwua. Haukuwa umepita hata umri wa mtu mmoja tangu aagizwe kama mtumishi, na sasa kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa bei.

Alivuka bahari kwa mbawa na kwa meli. Mombasa ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Kutoka kisiwani alisambaa kaskazini na kusini, akafuata barabara na hoteli, akaingia Kilifi, Malindi na Watamu. Ameonekana pia Port Sudan, Aden, Djibouti na Durban, na mwaka 1994 akatua hata Uholanzi, katika bandari ya Hoek van Holland, akiwa abiria asiye na tiketi.

Madhara yake si ya kubuni. Huiba vifaranga na mayai, hubomoa viota vya mnana na chozi, na kwa makundi humfukuza hata mwewe. Yule kunguru wa asili mwenye kifua cheupe amesukumwa nje ya mji. Wazee wa Mombasa wanaokumbuka bustani za kisiwani zilizojaa ndege wadogo hawasemi hivyo kwa kupenda ya kale tu. Wafugaji wa kuku wana malalamiko yao, na wenye hoteli wana yao kuhusu wageni wanaonyang'anywa mkate mezani.

Ni kiumbe mwerevu vilevile, na hapo ndipo moyo wa mwenye kumwua hupata mtihani. Jamii ya kunguru hutambua nyuso za watu na kukumbuka aliyewadhuru. Mmoja akifa, wengine hukusanyika juu yake na kupiga kelele. Mvulana wa Mji wa Kale aliyewahi kumpiga kunguru kwa manati anajua maana ya kusindikizwa hadi mlangoni kwao kila siku kwa wiki nzima.

Sumu iliyoidhinishwa mwaka 2024 huitwa Starlicide. Iliundwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwaua wale ndege wa jamii ya kwezi waliofunguliwa New York mwaka 1890. Kwa hiyo kosa moja la karne ya 19 lilizaa dawa, na dawa hiyo ikaletwa Mombasa kutibu kosa jingine la miaka ile ile. Huwekwa katika vipande vya nyama. Kunguru haifi papo hapo. Figo zake huharibika taratibu, na kifo huweza kuchukua saa nyingi au hata zaidi ya siku moja. Wanaoitetea husema kwamba sumu huvunjikavunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, kwa hiyo paka au mbwa atakayekula mzoga hayumo katika hatari kubwa. Kenya ilikwisha kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ya kunguru ikapungua, kisha matumizi yakasitishwa na kunguru wakarudi.

Zanzibar nayo ina kisa kama hicho. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kampeni iliyofadhiliwa na Finland iliwapunguza sana kunguru wa Mji Mkongwe. Fedha zilipokatika, waliobaki wakazaana. Mahali palipofaulu ni kisiwa cha Sokotra cha Yemen, ambako kunguru wa mwisho waliondolewa mwaka 2009 hivi. Lakini huko walikuwa makumi tu, na waliwahiwa mapema. Kwa milioni moja hesabu ni nyingine.

Katika vyuo vya Mji wa Kale watoto husomeshwa mambo ambayo kwa mtazamo wa haraka hupingana. Iko hadithi mashuhuri inayomtaja kunguru miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kujeruhi watu. Iko nyingine inayomsimulia mwanamke aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu alimtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu, na nyingine ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Tena iko inayoamrisha kwamba hata mwenye kuchinja au kuua afanye kwa wema, anoe kisu wala asimtese kiumbe. Maulamaa hawakuona mgongano. Idhini ya kuua mwenye kudhuru haikuwa idhini ya kumtesa, na najisi ya mate ya mbwa haikumwondolea mbwa haki yake ya maji.

Mbwa koko wa Mombasa wanaijua tofauti hiyo kwa migongo yao. Paka wa Mji wa Kale hulala juu ya baraza na kurushiwa vichwa vya samaki. Mbwa hupita kwa ukuta, mkia katikati ya miguu, akingoja usiku. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haimbagui mbwa na paka, lakini mawe ya mtaani humbagua. Kwa miaka mingi, miji ya Kenya iliposikia habari za kichaa cha mbwa, maradhi yaliyothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, jibu la kawaida lilikuwa risasi au nyama yenye sumu.

Jibu hilo halikuyamaliza maradhi hayo. Mbwa aliyeuawa huacha jaa lake wazi, na mbwa mgeni asiyechanjwa huja kulirithi. Ndiyo sababu mkakati wa taifa wa mwaka 2014, uliolenga kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, ulitilia mkazo kuchanja asilimia 70 ya mbwa mwaka hadi mwaka badala ya kuwaua. Mbwa aliyechanjwa akiachwa mtaani huwa kama ngome, kwani huuzuia ugonjwa usipite.

Huko Bombay, mji uliotoa kunguru, somo hilo lilikuja kwa fujo mapema zaidi. Mwaka 1832 serikali ya Waingereza iliamuru mbwa wa mitaani wauawe, na Waparsi, ambao katika dini yao mbwa ana heshima ya pekee, wakaingia barabarani na kufunga maduka. Portal alizaliwa miaka 26 baada ya ghasia hizo. Kama aliwahi kuzisoma, hazikumzuia kuwatazama viumbe wa mji huo kama vifaa vya kuagizwa kwa barua.

Kampala, alikopandisha bendera, ina mfagiaji wake pia. Ni korongo mkubwa mwenye kipara, ambaye Waganda humwita kalooli. Hakuletwa na balozi yeyote. Aliufuata uchafu wa jiji mwenyewe katika miaka ya vurugu za nusu ya pili ya karne ya 20, akajenga viota juu ya miti ya barabarani. Watu wa Kampala humcheka, humlaani anapochafua magari yao, na kwa kiasi kikubwa humwacha. Bahati yake ni kwamba hali vifaranga kwa wingi ule, na kwamba ni mwenyeji.

Mjini Mombasa, jaa kubwa la Kibarani, lililokuwa likimkaribisha kila aliyeingia mjini kwa barabara ya Makupa kwa moshi na mawingu ya ndege, lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na miti ikapandwa. Taka zikahamishiwa Mwakirunge, upande wa bara. Ndege waliokuwa wakilitegemea jaa hilo walilazimika kutafuta kwingine, na kwingine hakukuwa mbali, kwa kuwa vichochoro vya mji vina mifuko ya taka inayongoja gari siku mbili au tatu. Mwenye duka la nyama anayetupa mabaki nyuma ya banda lake humlisha kunguru yule yule anayemrushia jiwe.

Mwaka 2024 ulipita, na kunguru bado wapo. Asubuhi huokota vipande vya nyaya na seng'enge penye ujenzi, wakavipeleka juu ya mikungu kusuka viota, kwani katika kisiwa kilichojaa saruji vijiti vikavu si vingi. Chini yake paka huketi wakitazama juu. Kifaranga akianguka kabla ya kuota mabawa, wazazi wake huwashukia watu wote wapitao mtaa huo, mwenye manati na asiye na manati, mpaka atakapookotwa na paka au na mtoto mwenye huruma.